Saa Zilizosimamishwa Nyumbani kwa Živojin

Risasi ya tatu ndiyo iliyoua kompyuta.

Ilipasua kioo cha nyuma cha gari la Škoda, ikatoboa mkoba wa kompyuta uliokuwa kwenye kiti cha abiria, ikatokea upande wa pili. Dragina hakugeuka. Alikata kona ya shamba la mizabibu, akazama kwenye njia ya matrekta ambayo baba yake alimfundishia kuendesha gari. Audi nyeusi iliyokuwa ikimfukuza ikapitiliza kuelekea mji wa Kladovo.

Watarudi. Wale wawili waliokuwa ndani ya Audi walikuwa watoto wa huku huku, na walijua yeye ni binti wa nani.

Aliutazama mto. Juu ya maji ya Danubi, tishari liitwalo Meridijan lilikuwa linateremka polepole, limejaa mahindi. Chini ya mahindi kulikuwa na masanduku arobaini ya makombora ya begani. Na nyuma ya masanduku, ndani ya stoo iliyofungwa kwa nje, alikuwamo Ratomir, fundi wa injini, aliyempasha Dragina habari kwa siri miezi saba. Asubuhi ile walimgundua. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi.

*Wamejua. Tukivuka bwawa wananitupa.*

Dragina alipiga simu Belgrade, makao makuu ya Idara ya Usalama.

"Mkuu, Meridijan iko dakika thelathini kutoka milango ya maji ya bwawa. Ifungiwe humo ndani."

"Sahihi yako iko wapi?" Gavrilo aliuliza.

Hakuwa akimfanyia ukatili. Msimamizi wa milango ile, ambamo vyombo hufungiwa na kushushwa upande wa pili wa bwawa, hazuii chombo chenye bendera ya kigeni kwa neno la simu, kwa kuwa mwaka juzi mtu alimdanganya kwa kuigiza sauti ya mkubwa, akaponea chupuchupu kufukuzwa. Siku hizi anataka amri iliyoandikwa ndani ya mfumo wa Idara, yenye sahihi ya mwenye kesi. Mwenye kesi ni Dragina peke yake.

"Kompyuta yangu imekula risasi."

"Ufunguo unao?"

Aligusa shingo. Kwenye mkufu mmoja vilining'inia msalaba wa ubatizo na flashi ya chuma, ndogo kama kucha. Ndani ya flashi mlikuwa na hati yake ya utambulisho na VPN, ile njia ya siri ya mtandao inayomchukua mtu nyumbani na kumwingiza kwenye kompyuta za kazini kana kwamba amepita mlango wa mbele na kuwasalimu walinzi.

"Ninao."

"Basi tafuta kompyuta, Draga. Yoyote."

Karibu ilikuwapo moja tu. Ya marehemu baba yake.

Getini karatasi ya tangazo la kifo yenye ukingo mweusi ilikuwa bado imebandikwa, na picha ya baba yake, Živojin, akiwa na kofia yake ya Jumapili. Ilikuwa siku ya thelathini na nane tangu afariki. Jikoni mama yake, Persida, aliyevaa nyeusi kuanzia kitambaa hadi soksi, alikuwa akikoroga ngano ya kumwombea marehemu. Kioo cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa kumi na dakika ishirini, saa aliyokata roho. Dragina alikwisha kuyazoea hayo yote, na mtu akizoea kitu hakioni tena.

Akawasha kompyuta ya baba, pale pale jikoni. Ilinung'unika jambo kwenye skrini, maneno meupe juu ya weusi, kitu kuhusu betri. Akabonyeza kitufe bila kusoma.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Akachomeka flashi. Akaandika neno lake la siri. Duara dogo likazunguka, likazunguka, likawa jekundu.

Imekataliwa.

Akajaribu tena. Imekataliwa. Zimebaki dakika ishirini na mbili.

Akampigia Jagoda, fundi wa mtandao wa Idara, mwanamke anayekaa ghorofa ya chini ya ardhi na kutafuna mbegu za maboga hata akiongea na waziri.

"Kebo imekaza?"

"Imekaza."

"Wote husema imekaza. Chomoa, chomeka."

Akachomoa, akachomeka. Akakizima kile kisanduku cha intaneti, akahesabu hadi thelathini, akakiwasha. Akajaribu intaneti ya simu. Jagoda akamwagiza azime kinga ya virusi, akazima. Nyekundu. Nyekundu. Dakika kumi na sita. Akaanza kusali kwa midomo bila sauti, sala fupi ya utotoni, akairudia mpaka maneno yakaishiwa na maana.

"Nisomee kilichoandikwa," Jagoda alisema. "Kama kilivyo. Usinitafsirie."

"Muunganisho umekataliwa. Hati haijaanza kutumika."

Kutafuna kulikoma.

"Hati hiyo nilikupa mimi mwezi Machi. Hiyo mashine inadhani leo ni lini?"

Dragina akatazama pembe ya skrini. Tarehe mosi Januari, mwaka 2010.

"Loo, dada," Jagoda alisema taratibu. "Huko uliko bado hujaajiriwa."

Dragina akageuka. Pembeni ya taa ya mafuta, chini ya picha ya Mtakatifu Nikola, kulikuwa na kisahani, na ndani yake betri ya mviringo iliyong'aa kama sarafu. Akaelewa. Katika nyumba ya msiba saa zote husimamishwa hadi arobaini. Persida alikuwa amemwita fundi wa redio, akaambiwa saa ya kompyuta haisimami ila ina moyo mdogo unaoweza kutolewa. Akamwagiza autoe.

Kurekebisha tarehe ni kazi ya nusu dakika. Lakini mashine ikadai neno la siri la mwenyewe. Akaandika siku ya kuzaliwa ya baba. Si hilo. Akaandika jina la mbwa wa zamani. Si hilo. Imebaki mara moja.

Dakika kumi na moja.

"Mama, neno la siri la baba."

"La nini?"

"Niirekebishe saa."

Persida akaweka mwiko chini. "Zimebaki siku mbili. Roho yake bado imo humu inaaga. Unataka kuisukuma nje kama mgeni aliyechosha wenyeji?"

Dragina alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kumwambia mama yake hata neno moja la kesi.

"Kuna mtu amefungiwa ndani ya tishari. Likivuka bwawa anauawa. Ana mama yake, anaitwa Stanija, naye ni mjane kama wewe. Kesho atakuwa anasimamisha saa zake. Kwa sababu yangu mimi."

Persida aligeuka. Akaitazama picha ya mumewe iliyokuwa ukutani, akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Živojin, nisamehe. Maisha yako yote ulikuwa ukingoja wengine. Ngojea na hapa."

Akaketi. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akifunika kwa kiganja, maana lilikuwa neno la wao wawili. Mashine ikakubali.

Wakati huo huo gari likasimama getini.

Dragina akashika bastola yake, CZ 99. Persida akamgusa bega, akamrudisha kitini, akachukua sahani ya ngano, chupa ya divai, glasi mbili na vijiko viwili, akatoka.

Tarehe. Saa. Thibitisha. Duara likazunguka.

Kijani.

Akaingia. Vidole vilikimbia. Chombo: Meridijan. Kizuiwe ndani ya milango. Mtu amefungwa stoo. Sahihi.

Imepokelewa. Dakika nne.

Nje, sauti ya mama yake ilikuwa tulivu. "Mmekuja kumwombea Živojin? Karibuni, wanangu."

Hakuna mtu wa ukingo ule wa mto anayesimama kwenye geti lenye karatasi nyeusi akaikataa ngano ya marehemu. Wanasema anayekataa humfuata kabla mwaka haujaisha. Majambazi wale wakatazamana. Wakavua kofia. Bastola zikarudi mikandani, kwani mkono mmoja una kijiko na wa pili una glasi.

Dragina alizunguka kwa mlango wa nyuma, bastola mkononi.

"Mungu amrehemu," alisema nyuma ya visogo vyao. "Malizeni kutafuna. Kisha mlale chini."

Wakatafuna, wakalala chini. Persida akawachomolea bastola kama anayechuma bamia, akaziweka ndani ya beseni. Simu ikaita.

"Milango imefungwa mbele na nyuma," Gavrilo alisema. "Panya yuko mtegoni. Ratomir wako ametolewa. Anaomba sigara."

"Mpe pakiti nzima."

Polisi wa Kladovo walipokwisha kuwachukua wale wawili, Persida alibaki amesimama mlangoni.

"Umemaliza na saa?"

Dragina akaingia ndani, akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Bila betri ile, tarehe ikapotea yenyewe, saa ikasimama tena. Nyumba ikarudi kimya kama ilivyokuwa.

Alichota kijiko kimoja cha ngano, akala kwa ajili ya baba yake, akajipangusa mdomo. Kisha akaingia kwenye Škoda isiyo na kioo cha nyuma, na akaondoka bila kutazama saa.