Tope la Chupa ya Pili

Kila asubuhi baada ya kufagia darasa, Chiriku alikwenda kabatini kutazama chupa mbili za jaribio lake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chupa moja ilikuwa na udongo wa bustani, ya pili tope la chini ya bahari alilolichimba binamu yake wa darasa jirani maji yalipokupwa, akizama hadi magotini. Zote zilijazwa maji yenye nitrati, ile chumvi ya mbolea, zikafungwa kabisa.

"Humo mna bakteria wa jamii nyingi," mwalimu wa sayansi aliwaambia. "Wa bustani na wa baharini wana tofauti zao, lakini kazi yao ni moja. Wakikosa hewa, huitumia nitrati kupumua, wakaigeuza kuwa gesi. Basi msifungue mpaka siku ya saba."

Asifungue, Chiriku huyu? Tope lilinuka kama yai viza! Kila mapumziko aliifungua chupa hiyo, akakoroga kwa kijiti, wenzake wakakimbia wameziba pua huku wakicheka mpaka mbavu zinauma. Kisha daftarini akaandika: "Haijafunguliwa."

Siku ya saba mwalimu alichovya vikaratasi vya kupimia nitrati. Cha bustani kilibaki cheupe. Nitrati ilikuwa imekwisha. Cha bahari kikawa chekundu kama siku ya kwanza; nitrati ilikuwa bado imo.

"Ajabu," alisema akilisoma daftari. "Labda tope lilichimbwa mahali pabaya. Wiki ijayo tutawaonyesha wazazi chupa ya bustani tu."

"Nilichimba pale pale uliponionyesha, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo binamu, aliyekuja kutazama matokeo. Alikuwa ameshamwambia mama yake aje kuliona tope lake.

Chiriku aliona aibu. Akinyamaza, wenzake hawatamchongea. Lakini jioni angekula vipi sahani moja na binamu yake?

"Si yeye, Mwalimu. Ni mimi. Niliifungua kila siku, nikaikoroga. Daftarini nilidanganya."

"Kumbe!" Mwalimu alipiga paji la uso. "Uliwatia bakteria hewa! Aliye na hewa ahangaike na nitrati ya nini?"

"Wewe Chiriku wewe!" binamu alifoka. "Utanibebea begi mwezi mzima."

"Wiki moja."

"Mwezi!"

Basi ukawa mwezi. Walijaza chupa ya tatu kwa tope lililobaki kwenye ndoo, na safari hii hakuna aliyeigusa. Siku ya maonyesho kikaratasi chake kilitoka cheupe pe, mama yake binamu akapiga vigelegele. Chupa iliyoharibika nayo iliwekwa mezani, na kando yake maandishi ya Chiriku: "Hii niliifungua."

"Kukosea si dhambi, wanangu," mwalimu aliwaambia wanafunzi mbele ya wazazi. "Kosa hili lilipofichwa, lilimchafulia mtu jina. Liliposemwa, limetufundisha sote jinsi bakteria wanavyoishi. Andikeni kilichotokea, hata kama kinawaaibisha."