Kijiko cha Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbishi alifagia karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea mageti. Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja: vumbi la chuma liondoke, lakini michoro ya chaki iliyokuwa sakafuni isiguswe. Jina la Mbishi alipewa na bibi yake, na lilimkaa sawasawa. Ukimwambia leo jua ni kali, atakuuliza kali kushinda la lini.

Alichopenda kuliko vyote ni kuchora. Alichora nyuso za wateja wa baba yake na kuzitia vivuli mpaka ukadhani pua inataka kutoka kwenye karatasi. Kitabu kimoja cha maktaba ya shule kilikuwa kimemfundisha kwamba kilicho karibu na jicho huchorwa kikubwa, na kilicho mbali huchorwa kidogo. Tangu akisome, hakukaliki naye. Michoro ya mageti ya baba yake aliidharau waziwazi, akisema ni mistari mitupu, hata mbuzi angeichora kwa pembe. Baba alicheka tu na kuendelea kupima chuma.

Mwaka huo mvua zilinyesha mfululizo, na watoto wengi wakaugua kuharisha. Shangazi, dada yake baba, alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa. Daktari wa pale alitaka ukuta ulio mbele ya benchi la wagonjwa uchorwe picha ya kuwaonyesha akina mama jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi nyumbani, kwa kuwa si wote waliojua kusoma. Shangazi akamtaja Mbishi. Daktari akaguna kwamba hiyo si kazi ya mtoto, lakini Shangazi akasimama kidete mpaka daktari akakubali kuona kwanza mchoro wa kwenye karatasi.

"Ifanye iwe rahisi," Shangazi alimwambia Mbishi. "Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Basi."

"Shangazi, wewe jua sindano. Penseli niachie mimi."

Jeuri hiyo! Lakini Shangazi alimjua mpwa wake, akaondoka zake.

Mbishi alichora kwa moyo wake wote. Alichora mama mwenye mtoto mgonjwa mapajani, amenyoosha mkono wenye kijiko cha chumvi kuelekea kwa mtazamaji. Nyuma yake, mbali kidogo, kulikuwa na chombo cha maji, na mwanga wa dirisha ulimwangukia mama usoni. Majirani walipoiona walishika midomo. Ni baba peke yake aliyeuliza kijiko kile kilikuwa cha nini. Mbishi akamweleza kwamba ni cha chai, ila kinaonekana kikubwa kwa sababu kiko karibu na jicho.

"Jicho la nani?" baba akauliza.

Mbishi alikasirika, akaikunja karatasi yake na kwenda zahanati.

Shangazi hakuisifu wala hakuikosoa. Aliibandika ukutani, kisha akamwomba mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mtoto wake mgongoni aeleze anachokiona. Mama yule aliitazama kwa makini, akasema huyo mama wa kwenye picha ni mzuri kweli. Kisha akaeleza: unachukua upawa, unachota chumvi, unaitia kwenye kikombe cha maji.

Shangazi akamvuta Mbishi pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto anayeharisha akinyweshwa chumvi kiasi hicho, anaweza kufa. Lakini mdomo wa Mbishi haukukubali kushindwa.

"Hajui kutazama picha," akasema.

Mama yule alikuwa amesikia. "Mwanangu, mimi natazama kwa macho haya haya niliyozaliwa nayo," akamjibu. "Kama picha yako inataka nikasome kitabu kwanza, basi si ungeandika maneno tu?"

Mbishi alibandua karatasi yake na kutoka bila kuaga. Alifika karakana amevimba, akatangaza kwamba hatachora tena kwa ajili ya watu wasioelewa sanaa. Baba alikuwa amepiga magoti, anachora geti jipya sakafuni. Kwa kutafuta pa kumalizia hasira, Mbishi akamuuliza kwa nini hajui hata kuweka kivuli.

"Nakijua," baba akasema. "Lakini mchoro huu ni wa kukatia chuma. Nikiweka kivuli, nitakata kivuli."

Akavuta mstari mwingine. Mbishi alikaa juu ya ndoo akimtazama anavyochora. Kila mstari ulikuwa na kazi yake, na pasipohitajika kitu paliachwa wazi. Akaona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko maneno ya yule mama, kwa sababu alijua mama yule alikuwa amesema kweli.

Akaanza upya. Safari hii vitu vyote alivichora kwa ukubwa wake wa kweli, mistari minene, bila vivuli. Kijiko kilikuwa kati ya vidole vya mkono, mtu aone kwamba ni cha chai. Vijiko sita vya sukari vilipangwa mstari mmoja, na cha chumvi kilijaa nusu tu; chombo cha maji kilikuwa chupa ya lita moja ya dukani. Mama na mtoto wake mgonjwa aliwabakiza, uso wa mama umetulia. Kisha akatoka na karatasi yake mtaani, akawauliza wapita njia wanaona nini. Muuza mkaa alidhani sukari ni unga. Mbishi alitaka kubisha, akajizuia, akafuta, akachora miwa kando ya sukari. Alifuta na kuchora mpaka karatasi ikatoboka, akachukua nyingine.

Daktari alipouona mchoro huo aliukubali, isipokuwa jambo moja. Uso wa mama uondolewe, akasema, hauna kazi pale.

"Hauondoki," Mbishi akasema.

Shangazi alimkanyaga mguu, lakini wapi! Mbishi alimtazama daktari usoni na kumwambia kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa anakuja akiwa na hofu, na mwenye hofu hawezi kuhesabu vijiko mpaka aone uso uliotulia. "Muulize yeyote kwenye benchi, daktari. Akikosea, ukuta huu nitaupaka chokaa mwenyewe."

Daktari akamchagua binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia, amembeba mtoto wake wa kwanza, macho yamemjaa machozi. Binti akatazama mchoro. Kwanza alitazama uso.

"Huyu mtoto wake anaumwa," akasema polepole, "lakini mwenyewe ametulia." Akashusha pumzi. Kisha akahesabu kwa vidole: chupa ya lita moja ijae maji safi, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Hakusema kama picha ni nzuri au mbaya. Aliuliza tu kama anaweza kuanza leo hii hii.

Kalamu aliyokuwa ameitoa ili aukate ule uso, daktari akairudisha mfukoni, akamwambia Shangazi alete rangi.

Walipokuwa wakichanganya rangi, Shangazi alimwambia Mbishi, "Michoro ni mingi, mwanangu. Kuna wa kupendeza macho, kuna wa kujengea, kuna wa kuokoa roho ya mtu, na kila mmoja una anayeungoja. Ubishi wako usiuache, leo umetufaa. Ila kabla hujabishana na watu, bishana kwanza na mkono wako mwenyewe."

"Na ule mchoro wa kwanza siuchani," Mbishi akasema. "Ni mzuri."

"Ni mzuri sana," Shangazi akajibu. "Ungeua mtoto."

Mbishi alichovya brashi, akaanza na kijiko.