Maharagwe Saba ya Mama Athanasie

Mama Athanasie alikutwa kifudifudi kwenye mkeka wa kuchambulia maharagwe, kisogo kimepasuka, mkono mmoja ungali umeshika ungo. Ilikuwa Jumatano asubuhi, Julai 1955, siku tatu kabla ya mkutano mkubwa wa akina mama wa kanisa. Ukungu haujaondoka mlimani, na tayari nusu ya kijiji ilikuwa mlangoni mwa ghala la kanisa, inasukumana, inalia na kuhukumu.

Inspekta Raphaël Mbonigaba aliwafukuza wote. Alikuwa mtoto wa milima hii hii, aliyezaliwa juu kidogo ya Rubaya. Kwenye karatasi za Wazungu cheo chake kilikuwa msaidizi tu. Watu ndio waliomwita Inspekta. Mbonigaba alimfahamu marehemu. Mwaka mama yake alipougua, huyu ndiye aliyekuja kila Ijumaa na wenzake, wakamlimia, wakamfulia, wakaondoka bila kuomba hata maji ya kunywa.

"Pigo moja," alisema Théogène, muuguzi wa zahanati, akiinuka kutoka kwenye maiti. "Kutoka nyuma. Alikuwa amekaa. Mwili haujakaza sana. Alikufa alfajiri hii hii."

"Silaha?"

"Ule muchi."

Mchi ulikuwa umeviringika hadi ukutani, una damu na nywele nchani. Mbonigaba akaufunga kwenye gunia kama kielelezo. Kisha akapekua nguo za marehemu. Rozari ilikuwapo, ufunguo wa ghala ulikuwapo. Katika pindo la kitenge, kiunoni, palikuwa na fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na maharagwe sita, madogo, mekundu, yote ya aina moja.

"Njo matangazo yake hiyo," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Faustin, katekista, mtu mrefu mwenye koti jeusi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Yeye ndiye aliyepiga kengele, aliyefundisha watoto sala, aliyesoma matangazo padri asipokuwapo. Na padri alifika mara moja kwa mwezi.

"Matangazo gani?"

"Mama Athanasie hakujua kusoma. Kila jambo ya mukutano alikuwa anafunga haragi moja, asisahau. Jambo iko sita. Tazama, hata kwenye karatasi yangu iko sita." Akakunjua karatasi, akasoma: "Sala. Kutembelea wagonjwa. Kufariji wenye kufiwa. Kupokea wageni wa Bweremana. Kulima bustani ya padri. Kusaidia bamama wenye kuzaa."

"Nani mwingine ameiona karatasi hii?"

"Hakuna. Tulipanga sisi wawili, Jumapili. Nilikuwa nitaisoma Jumamosi."

"Na mchi ni wa nani?"

Faustin akainamisha kichwa. "Ya Mukamurenzi. Inaniuma kusema. Jumapili waligombana mbele ya watu wote. Na leo yeye njo alionekana anatoka humu na damu kwenye nguo. Tumuombee tu, Inspekta."

Mukamurenzi alikuwa nyuma ya ghala, amekaa chini, mtoto wake mchanga mgongoni. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na minne. Hakuwa akilia.

"Mligombana juu ya nini?"

"Wageni. Alitaka nilalishe watu kumi. Nikasema nyumba yangu iko ndogo. Tukapatana jioni ile ile, lakini hiyo hakuna mwenye aliona."

"Na mchi?"

"Niliuacha humu jana, tulitwanga pamoja."

"Na damu?"

"Nilimukuta amelala, nikamuinua kichwa. Weye Papa, ungemuacha?"

Mbonigaba alijua papo hapo kwamba si yeye. Muuaji hakai nyuma ya ghala na mtoto mgongoni, akisubiri polisi. Lakini Bwana Msimamizi, Mbelgiji aliyekuwa na wilaya yote mkononi, alikuwa tayari amesikia habari na amekwisha kuamua. Mchi ni wake, damu anayo, ugomvi ulionekana. Kuna nini tena? Lori la Goma lingeondoka Ijumaa asubuhi. Mwanamke apande, ahukumiwe huko. Watu waliopelekwa huko kwa kesi ya kuua hawakurudi, ilirudi habari tu ya kunyongwa kwao.

Inspekta alimfunga mikono yeye mwenyewe. Akina mama, wale wale waliokula na Mukamurenzi chungu kimoja, walisimama pande mbili za njia. Wengine walitema mate. Wengine walisema watamwombea. Mbonigaba hakujua kati yao nani alimchukiza zaidi.

Alasiri alimfuata mahabusu. Alimkuta anambembeleza mtoto, mgongo umegeukia mlango.

"Nieleze maharagwe aliyofunga marehemu kiunoni."

"Ni mukutano wake. Kila moja iko na neno lake. Nyeupe ni sala. Ya manjano ni wageni. Nyeusi ni matanga. Tulizoea kumuchekesha, tunamuambia, Mama, kama utasikia njaa utapika programu yetu."

"Yalikuwa sita. Mekundu yote."

Mukamurenzi akageuka taratibu. "Rangi moja?"

"Rangi moja. Madogo, kama ya kwenye gunia."

Akamtazama Inspekta kama mtu anayeangalia mtoto mgumu wa kuelewa. "Nyekundu ni wagonjwa. Alitaka tutembelee wagonjwa mara sita? Papa, mwenye alifunga ile fundo si mwanamuke. Mwanamuke yeyote wa hapa, hata kipofu, hawezi kufanya ile kosa."

Mbonigaba alitoka nje akasimama juani, masikio yanawaka. Sita! Mtu aliyejua kwamba mambo ni sita, aliyejua kwamba marehemu alifunga maharagwe, lakini hakujua kwamba rangi zina maana. Mtu aliyekaa na akina mama miaka yote akiwasomea, na hata siku moja hakuwauliza wao wanasomaje. Na yale ya kweli, mtu huyo angeyatupa wapi kama si kwenye magunia ya ghalani?

Akamtafuta Euphrasie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa msaidizi wa marehemu.

"Magunia ya chakula cha Jumamosi yako wapi?"

"Ghalani. Iko mbili. Moja nyekundu, moja ya manjano. Hatuchanganyi, haziivi pamoja."

"Mwageni yote. Chambueni."

"Leo? Na maiti haijazikwa?"

"Leo, Mama. Mlikuwa na haraka ya kumtemea mtu mate. Fanyeni haraka na hii."

Walikaa kumi na wawili kwenye mikeka, wamenuna, vidole vinakimbia. Haikupita hata saa. Mwanamke mmoja akaguna, akatoa kitu, akakiweka kiganjani mwa Euphrasie. Mwingine akatoa cha pili. Yalipofika saba, Euphrasie aliyapanga mkekani. Yalikuwa maharagwe ya zamani, makavu mno, yameng'ara kwa miaka ya kushikwashikwa.

"Ni yake," alisema. "Nyeupe, sala. Nyekundu kubwa, wagonjwa. Nyeusi. Ya manjano. Hii ya madoa ni kazi ya padri. Zambarau ni wenye kuzaa." Akasita kwenye la saba, jeupe lenye jicho jeusi, kubwa kuliko mengine yote.

"Na hilo?"

"Hii ni shamba. Mbegu ya kwanza tulipanda, mwaka ule chefu wa kijiji alitupa shamba ya bonde, sisi wamama, tulishe yatima na wajane. Hajaifunga tena toka siku ile."

"Kwa nini aifunge sasa?"

"Sijui, Papa. Jana alitoka ku biro ya wilaya, alienda kuomba ruhusa ya wageni kupita. Alirudi hasemi na mutu. Sasa nakumbuka kitu ingine. Leo kengele ya asubuhi ilichelewa. Niliamka, nikangoja, nikangoja."

Asubuhi ya Alhamisi Mbonigaba alikuwa mbele ya karani wa ofisi ya wilaya kabla karani hajavua kofia. Karani alikumbuka vizuri. Alimwuliza yule mama kwa utani, kwa nini mnafanya karamu ya mavuno na shamba mmeshampa Mzungu wa kahawa? Mama yule alimwomba amsomee karatasi. Alimsomea mara mbili.

Karatasi ilikuwa kwenye jalada. Akina mama wa kanisa, kwa hiari yao, wanaachia shamba la bonde. Chini yake alama za vidole gumba ishirini na tatu, za wino wa buluu, safi kabisa. Shahidi: Faustin, katekista.

Mbonigaba aliwahi kuchukua alama za vidole za wezi na walevi. Hizi zilikuwa za watu wasio na kosa. Akalichukua jalada, akatia sahihi kwamba ni kielelezo cha kesi ya mauaji, na karani hakuthubutu kumzuia.

"Mliweka kidole kwenye karatasi?" alimwuliza Euphrasie.

"Ndiyo. Ina wiki mbili. Katekista alisema ni liste ya majina ya wale watakula Jumamosi. Alisema mwenye hataweka kidole hatapewa sahani." Akamtazama usoni. "Kwani ilikuwa nini?"

Alipomwambia, alikaa chini palepale, matopeni.

Saa tisa alasiri Faustin aliitwa uani mwa kanisa. Akina mama walikuwapo. Mukamurenzi pia aliletwa, mikono imefungwa tena, mtoto mgongoni. Inspekta akaweka juu ya meza maharagwe sita mekundu.

"Katekista, wewe unajua kusoma. Tusomee matangazo ya marehemu."

Faustin akatabasamu kidogo. Akagusa moja moja. "Hii ni sala. Hii wagonjwa. Hii wenye kufiwa. Hii wageni..."

"Sala ni nyeupe!" Euphrasie alipiga kelele. "Nyeupe, mujinga weye! Miaka kumi na moja unatusomea, hata hiyo hujui?"

Uani palichafuka. Mbonigaba akainua mkono.

"Nani alikuambia yawe sita?"

"Kila muntu alijua."

"Karatasi yako hukuwa umemsomea mtu. Mlikuwa wawili, na mmoja amekufa. Jana saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye kengele."

"Kengele ilichelewa."

"Nilikuwa... nilikuwa na homa."

Inspekta akamwaga yale saba karibu na yale sita. Kando yake akaweka jalada, akalifungua pale penye vidole vya buluu. Faustin alitazama vidole, hakutazama maharagwe. Hapo ndipo mabega yake yalipoanguka.

"Alikuambia atatangaza Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimupigia magoti! Nilimupigia magoti mule ghalani, Inspekta. Nikamuambia Muzungu atanipa kazi ya karani kwenye plantation yake ya kahawa, na nyumba ya mabati. Miaka kumi na moja ninapiga ile kengele. Nguo ni ile padri amechoka nayo. Koti hii ilikuwa yake. Watoto wangu wanalala na mvua. Nikasema, Mama, shamba ni bonde tu, munaweza kupata ingine."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema, 'Utatangaza wewe mwenyewe, mbele ya wamama.' Basi. Akanigeuzia mugongo, akaanza kuchambua. Anachambua tu, kama vile siko. Muchi ulikuwa hapo."

Mtoto wa Mukamurenzi akaanza kulia.

"Mbona hukuyachukua yote tu?"

"Kila muntu anajua anafunga maharagi. Kama fundo iko tupu, wangeuliza. Kama iko saba, wangeuliza. Nikatia sita, nikamwaga ile ingine kwenye gunia." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa kweli. "Niliwaza maharagi ni maharagi."

Akina mama wangemrarua. Mbonigaba alisimama kati yao naye, na kwa pumzi kadhaa hakuwa na hakika kama angependa kuwazuia. Akamtia pingu. Kisha akamfungua Mukamurenzi. Mwanamke alisugua vifundo vya mikono, akamweka sawa mtoto, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi lori la Goma liliondoka na katekista. Bwana Msimamizi alilalamika juu ya jalada la shamba, akaambiwa kwamba kielelezo cha mauaji hakitumiki kwa jambo lingine hadi hakimu aseme. Alasiri hiyo wakamzika Mama Athanasie.

Jumamosi wageni wa Bweremana walifika na samaki wakavu vichwani, wanaimba, kisha wakasikia habari na nyimbo zikakatika. Wanawake karibu mia mbili walijaa uani. Inspekta alisimama nyuma, kofia kichwani, kwa kisingizio cha kulinda amani. Euphrasie akamshika Mukamurenzi mkono, akamwongoza mbele.

"Mama, tufungulie na sala. Tunakuomba. Ni weye."

Mukamurenzi akasimama. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi kwenye ukuta wa nyuma.

"Siombi. Jumatano mulisema mutaniombea. Nilikuwa hapa, na mutoto mugongoni. Hakuna hata mumoja alikuja kuniuliza, Mukamurenzi, ni kweli? Mama Athanasie angeniuliza. Shamba tutaipigania, na miye nitakuwa mbele. Lakini kwanza, kila mutu mwenye alinisema vibaya kwa polisi, ao alinitemea mate, asimame aseme kile alifanya. Hapa, mbele ya wageni. Kisha tutaomba."

Wanawake waliangalia miguu yao. Euphrasie akakaa chini.

Mukamurenzi hakuondoka. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, kule nyuma. Mbonigaba alihisi uso wake ukiwaka hadi masikioni. Akavua kofia, akapita katikati ya wanawake wale mia mbili mpaka mbele.

"Miye njo nilikufunga kamba," alisema. "Nilijua si weye. Nilijua toka saa ile ya kwanza, na nikakufunga."

Mukamurenzi akaitikia kwa kichwa, mara moja, bila kutabasamu. Kisha akageukia Euphrasie, naye Euphrasie akaanza kuinuka.