Ngoja Mtoto Ashibe

Acom aliuza samaki wadogo wakavu katika soko la Busia, upande wa Uganda. Samaki hao Waganda huwaita mukene. Ukivuka mpaka tu kuingia Kenya, hata jasho halijakauka, wameshakuwa omena. Acom alitumia majina yote mawili, maana wateja wake walitoka pande zote mbili. Kila asubuhi alimbeba mwanawe Eriku mgongoni, akajitwika gunia, akaenda sokoni. Mumewe, Egau, alibaki kulima. Maisha yalikuwa ya kawaida, yenye taabu zake na vicheko vyake.

Eriku alikuwa na miezi minne. Mtoto wa miezi minne hajui soko wala mwenyekiti wa soko. Akisikia njaa, analia.

Siku moja alilia. Acom akafanya kama mama yeyote. Alikaa nyuma ya meza yake, akatoa ziwa, akamnyonyesha. Mara akatokea Ojiambo, mwenyekiti wa safu ya samaki. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya kuita watu hata wakiwa karibu.

"Wewe mama! Unafanya nini?"

"Nanyonyesha mtoto, mwenyekiti."

"Mbele ya watu? Hapa kuna wateja! Mtu akiona ziwa, hawezi kununua samaki yako. Hiyo mambo ni ya nyumbani. Nikikuona tena, hii meza nampa mtu mwingine."

Watu wakageuka kutazama. Wilkister, Mkenya aliyeuza samaki wa kukaanga meza ya jirani, akacheka.

"Si uende tu nyuma ya choo, Mama Eriku," alisema. "Kwani lazima tuone?"

Acom aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alimtoa mtoto kwenye ziwa kabla hajashiba.

Jioni alimweleza mama mkwe wake, Aanyu. Alitaka kufarijiwa. Aanyu akajishika kichwa.

"Umetoa ziwa sokoni? Mbele ya macho yote yale? Mwanangu, maziwa yakionwa na wapita njia yanaharibika. Na hayo yaliyobaki yamekaa juani siku nzima, yamechacha. Kamua ya kwanza umwage chini. Ndipo umpe mtoto."

Acom akakamua. Akamwaga. Maziwa meupe, mazuri, yakanywewa na udongo. Mimi ninayesimulia naumia moyo kila nikifika hapa.

Tangu siku hiyo Acom hakunyonyesha sokoni. Alibeba maji ya sukari ndani ya chupa. Chupa ikiisha, aliisuuza kwenye ndoo ya safu, ndoo ileile ambayo wauzaji wote walinawia mikono yenye samaki, kisha akaijaza tena. Jioni alikamua maziwa, akamwaga. Eriku alikunywa maji mchana, akanyonya mabaki usiku.

Wiki tatu zikapita. Eriku akaanza kuharisha. Mapaja yake yaliyokuwa manono yakalegea. Maziwa ya Acom nayo yakapungua.

"Unaona?" Aanyu akasema kwa huzuni. "Ni macho hayo."

Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, jirani yao Damalie alipita akipima watoto. Damalie alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na watu walimwita Musawo kama wanavyowaita wauguzi. Alitundika mizani yake kwenye tawi la mfenesi, akamweka Eriku. Alitazama mizani. Akatazama kadi ya mtoto. Uso ukabadilika.

"Kilo tano na kidogo. Mwezi uliopita alikuwa zaidi ya hapa. Mama Eriku, huyu mtoto anakula nini?"

Acom akamweleza yote: mwenyekiti, chupa, ndoo, maziwa ya kumwaga. Damalie hakumgombeza. Aliketi mkekani karibu naye.

"Sikiliza, dada yangu. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa, hata ukishinda juani. Ziwa si kibuyu. Mtoto anaponyonya, mwili unatengeneza mengine. Akinyonya sana, unatengeneza mengi. Ukimpa maji, tumbo linajaa, hanyonyi. Asiponyonya, mwili unadhani mtoto hayupo. Ndiyo maana maziwa yako yamepungua."

"Na macho?" Acom akauliza kwa sauti ndogo.

"Macho hayaingii kwenye ziwa. Kilichoingia tumboni mwa Eriku ni uchafu wa ile ndoo. Mtoto asipewe kitu kingine mpaka atimize miezi sita. Maziwa yako tu. Hata maji hapana, maana ndani ya maziwa kuna maji ya kumtosha. Dawa akiandikiwa na daktari, hiyo sawa."

Aanyu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Musawo, sisi tulilea hivyo. Egau si huyo hapo, mzima?"

"Yuko, mama, tunamshukuru Mungu. Ulikuwa unamnyonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Kila alipolia! Hata shambani. Naweka jembe chini, nakaa kwenye mtaro, ananyonya."

"Basi, mama, shamba la huyu mkwe wako ni soko."

Aanyu hakukubali. Hakukataa pia. Aliingia jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Siku hiyohiyo walimpeleka Eriku hospitali ya Masafu. Alipewa dawa ya kutibu kuharisha. Muuguzi akasema, "Anyonye mchana na usiku, kila anapotaka. Mlete baada ya wiki tatu. Kama hajaongeza uzito, tutamlaza." Njiani kurudi, Acom aliwaza. Akinyonyesha sokoni, atapoteza meza. Asiponyonyesha, atapoteza nini? Hakuweza hata kulisema.

Egau alipoambiwa habari ya meza, alimchukua mtoto mikononi. Kisha akasema, "Meza ya samaki tunaweza kutafuta nyingine."

Jumanne ilikuwa siku ya mnada. Soko lilijaa watu kutoka Tororo, Osukuru na ng'ambo ya mpaka. Acom alikwenda na Eriku, na kipande cha sabuni, na jerikeni la maji yake mwenyewe. Chupa aliiacha nyumbani. Aanyu naye akamfuata. Alisema anakwenda kununua chumvi, lakini hakuondoka karibu na safu ya samaki.

Saa nne Eriku akalia. Acom alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha. Alikaa mbele ya meza yake. Sio nyuma, mbele! Akatoa ziwa.

"Mama Eriku!" Wilkister akanong'ona. "Ojiambo anakuja. Wee, jifunike!"

"Aje," Acom akasema.

Ojiambo akaja, mkono kiunoni.

"Nilikwambia nini? Toa vitu vyako juu ya meza. Sasa hivi!"

Acom aliogopa. Msidhani hakuogopa. Lakini Eriku alikuwa ameshika ziwa kwa mikono miwili, anavuta kwa nguvu.

"Nimekusikia, mwenyekiti," akajibu. "Ngoja mtoto ashibe. Tutaongea."

"Mimi ningoje? Mimi?"

"Ndiyo. Yeye alianza kabla yako."

Watu wakaanza kusogea. Mzee mmoja kutoka Paya, aliyekuja kununua samaki, akauliza, "Mama, omena gorogoro moja?" Gorogoro ni kile kikopo kikubwa cha kupimia.

"Karibu, mzee. Mikono yangu ina kazi. Jipimie mwenyewe, nakuamini."

Mzee akajipimia polepole, akapangusa juu ya kikopo kwa kiganja, asijizidishie hata samaki mmoja.

"Mwenyekiti, umesema wateja wanakimbia," akasema Acom. "Huyu anakimbia?"

Watu wakacheka. Ojiambo akavimba. Alisubiri. Eriku akaachia ziwa, akapumua.

"Haya, amemaliza! Toa vitu!"

"Bado la pili," akasema Acom, akamgeuza mtoto.

Lo! Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Hata Wilkister aliinamia samaki wake, mabega yakitikisika. Ojiambo akatafuta mtu wa kumsaidia. Akamwona Aanyu.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Huyu si mkwe wako? Anakuvunjia heshima mbele ya watu. Mwambie!"

Kicheko kikaisha. Acom alimtazama mama mkwe wake, na sasa hofu ikamshika kwelikweli. Ojiambo angeweza kumnyang'anya meza. Aanyu angeweza kumnyang'anya ujasiri. Akisema "funika", nani atabishana na mama mkwe hadharani?

Aanyu alimtazama Ojiambo kutoka viatu mpaka kichwa, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Wewe si mtoto wa yule mama aliyekuwa anauza ndizi kwenye barabara ya Tororo?"

"Ndiyo, mama. Lakini—"

"Nilikuwa nanunua ndizi kwake. Alikuwa anakaa palepale barabarani, wewe uko kwenye ziwa. Lori zinapita, watu wanapita, askari wanapita. Macho yote ya barabara ile yalikuona unanyonya." Hapo Aanyu akasita. Ilikuwa kama anajisikia mwenyewe akisema. Kisha akaongeza kwa sauti kubwa zaidi, "Mbona hayo maziwa hayakuharibika? Mbona umenenepa hivi?"

Ojiambo alijaribu kujibu, lakini nani angemsikia? Watu walikuwa wanapiga makofi. Aanyu alizunguka meza, akachukua gorogoro.

"Nyonyesha, mwanangu," akamwambia Acom. "Mimi napima. Haya, nani mwingine anataka mukene?"

Acom alilia, akacheka, vyote kwa pamoja. Jioni ile hakuna tone lililomwagwa chini.

Eriku alinyonya nyumbani, sokoni, njiani na kanisani. Kuharisha kukakoma. Maziwa ya Acom yakarudi, kama Musawo alivyosema. Wiki tatu zilipotimia walikwenda Masafu, na muuguzi akaandika kwenye kadi: kilo tano na gramu mia tisa. "Huyu halazwi," akasema. "Mpelekeni nyumbani."

Ojiambo hakukata tamaa. Alipeleka shauri kwa kamati ya soko. Kamati ikamuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Haikuwa imeandikwa popote. Wanawake wa safu ya samaki walikuwa wameketi mbele, wanne kati yao wakinyonyesha. Wilkister akasimama.

"Kama ni kuandika, tuandike sisi," akasema. "Na pale nilipomwambia Mama Eriku aende chooni, nilikosa. Mniwie radhi."

Wakanunua ndoo mpya yenye bomba, na sabuni. Wakaweka benchi kivulini, si la kujificha, la kukalia tu kwa anayetaka. Kisha wakatafuta kipande cha ubao ili waandike: *Hapa watoto wananyonya. Mteja, subiri kidogo.*

Ojiambo alipoona wamekubaliana wote, aliomba jambo moja tu. Aliomba maneno hayo yaandikwe kwa herufi ndogo.

Wakayaandika kwa herufi kubwa.