Aliyeitikia Kichakani

Haya yalimkuta Faridah, rafiki yangu, muuguzi aishiye ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, na si mtu wa porojo. Jumamosi moja ya Oktoba alipanda treni peke yake hadi pwani ya Kent kuchuma sea buckthorn, vile vitunda vya rangi ya chungwa, vikali kama ukwaju, atengenezee achari. Miti yake ni miiba mitupu, kwa hiyo alikata vijitawi kwa mkasi.

Ukungu ukashuka. Akasikia mkasi mwingine ukikata, kacha, kacha, upande wa pili wa kichaka. Kisha akaitwa: "Faridah!"

Kwao Lamu alikatazwa tangu utotoni: ukiitwa kichakani, usiitike kabla hujamwona anayekuita. Lakini jibu likamponyoka mdomoni.

"Abee!"

Mkasi ule ukanyamaza. Faridah akatimua mbio hadi stesheni.

Jioni alikuwa chumbani juu akichomoa miiba vidoleni, mumewe akaita kutoka jikoni, "Faridah!"

Kabla Faridah hajafungua kinywa, sauti yake mwenyewe ikaitika huko huko chini, "Abee!"

"Loo, maskini," akamsikia mumewe akisema kwa upole. "Tulia basi, nikutoe hiyo miiba nyweleni."