Vifuniko vya Chupa za Mama

Kila Jumamosi, Chiriku na mama yake walifungua maabara ya mifugo mapema. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu Kipanga, binti wa mjomba wake, aje kukaa kwao, mdomo ule ulikuwa kama umetiwa gundi.

"Mwanangu Kipanga, hebu nipangie chupa," mama alisema. "Una mkono mtulivu."

Mwanangu! Kupanga chupa ilikuwa kazi ya Chiriku. Sasa yeye alikuwa ameshika ufagio.

"Shangazi, humu mna nini?" Kipanga aliuliza.

"Asidi nukilia, yaani DNA. Ni uzi mwembamba mno unaobeba maagizo ya uhai, nao una herufi nne tu: A, T, G na C. Kifuniko chekundu ni cha mikoplazma, bakteria wadogo kupindukia, wanaoumiza mapafu ya mbuzi. Cha bluu ni cha bakteria wa kawaida wa utumbo, wa kulinganishia. Leo tunapima herufi zao, na daktari wa mifugo anasubiri majibu."

Mama akatoka kupokea simu. Kipanga akaenda kunawa. Chiriku akatazama mlango, kisha upesi akabadilishanisha vifuniko. "Na yeye aonekane hajui kitu," alijisemea.

Mchana majibu yalitoka. Mama akakunja uso.

"Haiwezekani! Mikoplazma hawa wamejaa A na T; G na C ni kama robo tu. Hapa naona nusu kwa nusu. Na wa utumbo ndio wamepata robo! Kipanga, umezichanganya?"

"Haki ya Mungu, Shangazi, sikuchanganya!"

"Chupa ulizipanga wewe. Basi, humu usiingie tena."

Kipanga akavua glavu huku machozi yakimlengalenga. Chiriku alikuwa amepata alichokitaka, lakini mbona moyo haukutulia? Mama akazichukua chupa.

"Siwezi kumpa daktari majibu ya kubahatisha. Namwaga, nianze upya. Kazi ya mwezi mzima!"

"Usimwage, mama! Ni mimi. Nilibadilisha vifuniko."

Mama akazirudisha chupa mezani. "Kwa nini?"

"Yeye unamwita mwanangu. Mimi unanipa ufagio."

Mama akavuta kiti, akakaa. Kwanza alimwita Kipanga.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bure."

"Na mimi nisamehe," Chiriku alinong'ona.

Kipanga akapangusa macho. "We Chiriku! Unajulikana kwa kupayuka, leo maneno ya maana ndiyo ukayafungia?"

Hata mama alicheka. Kisha akamshika Chiriku bega.

"Kukusahau ni kosa langu, nitalirekebisha. Lakini wewe ulitaka mwenzio alie ili wewe upendwe. Machozi yake yamekuongezea nini? Ukiumia, njoo useme, usimtwishe asiye na hatia. Umesema kweli kwa kuchelewa, ila umeiokoa kazi yetu. Haya, vaeni glavu wote wawili, tupime tena."