Mwanangu Aliposema "Zima"

Ndiyo, nilimng'ata! Kwani nani kawaambia uongo?

Mmeuliza sana huko chini kwenye maoni, "Babu, kweli ulimng'ata mkwe wako hospitalini?" Kweli kabisa. Nilimng'ata mkono, hapa karibu na kiganja, mpaka damu ikanijaa mdomoni. Na meno yenyewe nimebaki nayo sita!

Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika bomba la pumzi kinywani mwa mwanangu. Analivuta!

Sasa wewe ungefanyaje? Ungempigia magoti?

Ngojeni nianze mwanzo, nikirukaruka nitawapoteza. Mimi shule niliishia la tatu, naongea tu, kuna mtu ananichapia. Herufi zikikosewa mlaumuni yeye.

Sisi ni watu wa mbao. Karakana niliianzisha mwenyewe, nimepasua mbao miaka arobaini na... ah, acha tu. Magoti yalipogoma nikamwachia mkwe wangu asimamie, mume wa binti yangu mkubwa. Mwanangu wa mwisho ni fundi mle ndani. Tunamwita Randa, kwa sababu ubao akishaupitishia randa unaweza kujitazama ukachana nywele.

Msumeno wa mezani ukiwaka, mle ndani husikii hata ukitukaniwa mama. Kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Vidole viwili juu, chai. Kiganja chini, taratibu.

Na ipo ngumi. Kidole gumba kinaingia ndani, unakunja, unafungua, unakunja tena. Hiyo ni "zima". Zima mashine!

Ishikeni hiyo ngumi, mtaihitaji.

Siku hiyo saa nne asubuhi, simu. Mkwe.

"Baba, njoo haraka! Msumeno umerusha ubao, umempiga Randa kichwani!"

Nilimkuta kalala kwenye unga wa mbao, na unga wenyewe umelowa damu mpaka umekuwa tope. Sikio linavuja. Anakoroma vile mtu mzima wa afya asivyokoroma. Mafundi ndiyo kwanza wanaingia kutoka kwenye chai, kila mtu kashika kichwa.

Mkwe akaninyooshea kidole mbele yao wote.

"Baba, msumeno uliufunga wewe leo! Si nilikwambia macho yako yamekwisha?"

Jamani... ilikuwa kweli. Asubuhi ile nilipita, nikaunoa, nikaufunga kwa mikono yangu hii.

Wangenichinja palepale ningewashukuru.

Hospitali wakampeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari mama mmoja mwembamba, haongei sana.

"Mzee wangu, fuvu limepasuka kwa nyuma. Ubongo umevimba. Tumemlaza kwa dawa ili upumzike, mashine inampumulia."

"Atapona?"

"Sijui."

"Daktari mzima hujui?"

"Nikikwambia atapona, nakudanganya. Nikikwambia hatapona, nakudanganya pia. Akiwa ndani ya dawa, hata vipimo vinaweza kunidanganya mimi. Tumpe siku, mzee."

Kasema "kwa nyuma". Masikio yalisikia, kichwa hakikusikia. Nilikuwa bize kujilaani.

Wakammulika tochi machoni. Wakambana kucha. Wapi! Siku ya nne wakamtoa kwenye dawa ya usingizi. Siku ya tano bado kimya, mashine inapuliza tu... fuu... fuu...

Mkwe akanivuta kwenye korido.

"Baba, huyo ni gogo sasa. Waambie wazime, apumzike."

"Gogo? Unamwita shemeji yako gogo?"

"Unamtesa! Ulishamuumiza mara moja, haijakutosha?"

Hilo neno liliniingia kama patasi.

Siku ya sita tulimzunguka watatu. Mimi, mkwe, binti yangu. Binti kajitanda mtandio mpaka usawa wa pua, na joto lile!

"Mama, hilo jicho vipi?"

"Niligonga mlango wa kabati, baba."

Kabati hilohilo lilikuwa limeshampiga mara tatu mwaka ule. Nikanyamaza. Nipigeni mawe, nilinyamaza!

Mkwe kamshika mkewe bega, anasema, "Muage kaka yako, halafu tuondoke. Nikikwambia tuondoke, tuondoke!"

Hapo nikauona mkono wa Randa juu ya shuka.

Kidole gumba kikaingia ndani.

Ukakunja... ukafungua... ukakunja tena!

"Mmeona?" Mkwe akapaza sauti. "Anasema zima! Anaomba mwenyewe wazime mashine!"

Binti yangu akaanguka chini kwa kilio. Mtoto wangu mwenyewe ananiomba nimwache afe, na aliyemlaza pale ni mimi!

Nikaburuza miguu hadi kwa daktari.

"Zimeni. Mwanangu kasema."

"Kaa kwanza, mzee wangu. Kasemaje?"

Nikamkunjia ile ngumi.

"Hiyo inaweza kuwa mishipa tu inajikunja, haina maana yoyote. Inaweza pia kuwa yeye. Kwenu huko mnaitumia lini? Mkimaliza kazi?"

"Hapana! Ukimaliza kazi unapunga. Chai ni vidole viwili. Hii tunaitumia pale mtu..."

Nikaitazama ngumi yangu mwenyewe.

"Pale mtu nini?"

"Pale mtu yuko karibu kuumia. Unamwambia mwenzako simamisha, kuna mtu hatarini hapo!"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Alipoifanya, nani alikuwa anaongea?"

Mkwe. Mkwe, na mkono wake uko begani kwa binti yangu.

Tukarudi chumbani mbio, mkwe na binti bado wapo! Sikumbuki magoti yaliuma au hayakuuma.

"Muulize kitu kingine kwa lugha yenu," daktari akaninong'oneza. "Kitu ambacho hajakifanya. Akikitii, si mishipa."

Nikamwinamia sikioni.

"Randa. Ni baba. Nipe ya chai."

Fuu... fuu...

"We Randa! Mafundi wana kiu, unawaringia? Nipe ya chai!"

Kidole kimoja kikatetemeka. Kikanyooka.

Halafu cha pili!

"Huyu anasikia," daktari akasema. "Huyu anaelewa!"

Mkwe akacheka kicheko kibovu. "Bahati tu. Baba usijidanganye."

Sikumtazama.

"Mwanangu, ile 'zima' ya leo... ni kwa sababu ya msumeno?"

Mkono ukalala.

"Ni mtu?"

Kidole gumba kikaanza kuingia ndani. Hakikumaliza safari, jamani, kwa sababu mkwe aliruka!

"Anateseka! Mwacheni afe!"

Akashika bomba, akavuta. Mashine ikapiga kelele. Mwanangu akatapatapa, uso unabadilika rangi! Ndipo nikang'ata. Akanipiga kiwiko, jino likaruka. Sikuachia! Akanibamiza kichwa ukutani, paji likapasuka, damu inanifunga macho. Sikuachia! Na wale mliosoma mwanzo mkadhani sita ni meno niliyoanza nayo... nilianza na saba.

Binti yangu, huyohuyo wa kugonga makabati, akainua kile chuma cha kutundikia dripu akamshushia mume wake mgongoni. Paa! Mkwe akapiga magoti. Muuguzi mmoja mwenye mwili wake akaja akamkalia kabisa.

"Jitikise uone," akamwambia. "Nimekula nikashiba leo."

Daktari hakugeuka hata kidogo, anahangaika na bomba. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe kumi na moja kabla sijasikia tena ile sauti... fuu.

Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Polisi walipofika, binti yangu alivua mtandio. Shingo ina alama za vidole vitano, vya mtu.

"Baba, ni yeye. Randa alimwambia akinigusa tena watakutana. Mafundi walipotoka kwenda chai, Randa akainama kuweka mbao, huyu akamtandika ubao kisogoni. Nyumbani akaniambia yote, na kwamba nikifungua mdomo nitamfuata Randa."

Ubao waliukuta umefukiwa kwenye rundo la unga wa mbao. Una nywele.

Na mimi, fundi wa miaka arobaini! Msumeno ukirusha ubao unakupiga tumbo, unakupiga kifua, maana umesimama mbele yake. Kisogo unakifikiaje? Kijana wa wiki moja kazini angejua. Yule bwana alinipa lawama ya kubeba, nikaibeba bila kuiangalia.

Nawauliza, huko kwenu nani anavaa mtandio kwenye joto, nanyi mnaamini ni kabati? Muulize mara ya pili. Na ukiwa na mgonjwa kalala hivyo, daktari akisema "sijui, tusubiri", usimwone hajasoma. Huyo anakuheshimu. Muogope anayejua haraka.

Randa alikaa huko wiki saba. Karudi, lakini si yule wa zamani, nisiwadanganye. Mguu wa kulia anauburuza. Maneno yanamponyoka, kijiko anakiita msumari. Daktari nilimuuliza atafika wapi, akacheka. "Sijui, mzee wangu." Na mimi nikacheka.

Jana ndiyo mara ya kwanza kaweza kukaa mezani. Chakula kimeiva, tumekusanyika, mafundi wawili wamekuja. Binti yangu anapakua, anazunguka, anafuta meza isiyo chafu. Miaka tisa kwa mume wake alikula kasimama jikoni, maana akikaa tu anaitwa.

Tumenyoosha mikono tule, Randa akaweka "msumari" wake chini.

Kidole gumba ndani. Akakunja. Akafungua. Akakunja!

Mimi niliangalia mlango! Fundi mmoja akaokota kisu cha mkate.

Randa akamnyooshea kidole dada yake. Halafu kiti kitupu. Akatafuta neno, akatafuta, jasho linamtoka...

"Dada. Zima. Kaa."

Bamia... sorry, bakuli lilibaki hewani mkononi mwake. Ona sasa anavyochapa! Ndiyo, ni yeye anayenichapia tangu juu kule, binti yangu mwenyewe. Nilimuuliza kama haya tuyafiche, akasema, "Sema yote baba, nachapa."

Akaweka bakuli mezani. Akavuta kiti. Akakaa.

Na sisi tukala.